Msema Pweke Hakosi: Iman na Hadithi ya Mchunga Mifugo

Hadithi ya mnyonge aliyeinuliwa hupendwa na watu wa kila taifa. Hata ngano za bibi zetu zina yatima aliyepata ufalme. Lakini kupendwa kwa hadithi si ushahidi wa ukweli wake. Mhakiki hana budi kuuliza: nani anasimulia, anamsimulia nani, na kwa faida ya nani? Kwa maswali hayo tunakusudia kuichambua hadithi ya Iman, binti wa Kisomali aliyepata sifa duniani kwa kuonyesha mitindo ya mavazi, kisha akaingia katika filamu.

Mwaka 1975 mpiga picha wa Kimarekani, Peter Beard, alikutana na msichana huyo jijini Nairobi. Iman alipofika New York, magazeti yalikuwa yamekwisha kuambiwa kwamba ni mchunga mifugo aliyeokotwa nyikani, wala hajui Kiingereza. Ukweli ulikuwa mwingine kabisa. Iman alizaliwa Mogadishu mwaka 1955. Baba yake alikuwa balozi. Yeye mwenyewe alisoma shule ya bweni nchini Misri, akajua lugha tano, na wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipoombwa apigwe picha, alitaka kwanza alipiwe karo. Mtu wa namna hiyo anajua anakokwenda.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Uzuri wa Iman ulijiuza, na mwaka 1976 alianza kazi katika jarida la Vogue. Kwa nini basi utembezwe kwa uongo? Kwa maoni yetu, bidhaa iliyotembezwa ilikuwa ile Afrika waliyoizoea wanunuzi. Beard alikwisha kujulikana kwa kitabu chake The End of the Game cha mwaka 1965, kilichoomboleza kutoweka kwa wanyamapori wa Afrika Mashariki. Jicho lililozoea kutafuta tembo lilimtazama mwanafunzi wa Chuo Kikuu, likaona pori.

Wasomaji wetu wa Kilosa na Mikumi hawatashangaa. Barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ndani ya hifadhi mgeni hutoa kamera kwa twiga, nyati na tembo. Akifika mjini Mikumi, penye shule, soko na watu, amekwisha kuifunga. Hatumlaumu mtu kwa kupenda wanyama. Tunachosema ni kwamba picha huchagua, na kilichoachwa nje ya picha huhesabiwa kuwa hakipo.

Tena, kuchunga si aibu. Wilayani Kilosa wamo wafugaji wanaosoma mvua, majani na maradhi ya ng'ombe kama mwanafunzi asomavyo kitabu. Hadithi ile iliwakosea watu wawili kwa pamoja: ilimvua Iman elimu yake, na ilimfanya mchungaji kuwa alama ya ujinga.

Tuzitazame filamu. Katika The Human Factor ya Otto Preminger, mwaka 1979, Iman alipewa nafasi kubwa, ya Sarah, mwanamke wa Afrika Kusini aliyeolewa na mtumishi wa idara ya ujasusi ya Uingereza. Katika Out of Africa ya mwaka 1985, iliyopigwa Kenya na kupata tuzo 7 za Oscar, nafasi yake ilikuwa ndogo. Mwaka 1991, katika Star Trek VI, aliigiza kiumbe wa ulimwengu wa mbali awezaye kugeuza umbo. Lakini filamu hukiri kwamba ni maigizo, na mtazamaji huingia ukumbini akijua hivyo. Igizo la uchungaji lilichezwa magazetini, na msomaji akaambiwa ni kweli.

Msema pweke hakosi, mpaka atokee wa pili wa kusema. Iman aliikanusha hadithi hiyo kwa kinywa chake. Mwaka 1994 alianzisha kampuni ya vipodozi kwa ajili ya wanawake wenye ngozi za rangi nyeusi na maji ya kunde, ambao viwanda vikubwa vilikuwa vimewapuuza. Hapo yeye ndiye aliyekuwa msimulizi.

Walimu wanaweza kuzifundisha hadithi hizi mbili kwa pamoja, wanafunzi wakapima kila moja inamfunza nini msichana wa Kilosa. Ile ya uongo itamfunza kusimama kando ya barabara akingoja kuonwa na mpita njia mwenye kamera. Ile ya kweli itamfunza kushika lugha, kujua thamani ya kazi yake, na kutaja karo kabla ya picha. Taifa linalojali utamaduni wake halina budi kuchagua ni ipi itakayosimuliwa darasani.