Juu ya Shina -ntu na Neno la Kuwapo

Tangu Padre Alexis Kagame alipotoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu ya Rwanda, mwaka 1956, shina -ntu limezoeleka katika mafundisho na vitabu vingi. Husemwa ya kuwa hilo ndilo jina ambalo wazee wa Kibantu waliliita lile jambo lililo gumu kuliko yote kutajwa, yaani kuwa kwenyewe, pasipo kutaja mtu wala jiwe. Kitabu chenyewe chastahili heshima kubwa. Lakini shina hilo limetwishwa mzigo usiolingana na nguvu zake.

Hoja ya Kagame ni hii. Katika Kinyarwanda shina -ntu hupata viambishi vinne: umuntu, ndiye aliye na akili, ikintu, ndicho kisicho na akili, ahantu, ndipo mahali pamoja na wakati, ukuntu, ndiyo namna. Vyote vilivyopo, asema, vimo katika makundi hayo manne, naye ayalinganisha na makundi kumi ya Aristotle. Ni kazi ya mtu aijuaye lugha yake barabara. Tena yapita kwa uangalifu kitabu cha Padre Placide Tempels cha mwaka 1945, kilichosema kwa jumla ya kuwa kwa Mbantu kuwa ni nguvu. Kwa maana Kagame hutuonyesha neno analolitegemea, na Tempels mara nyingi hatuonyeshi.

Basi na tulilete shina hilo katika Kiswahili. Mtu tunaye, na kitu tunacho. Lakini mahali ni neno la Kiarabu. Namna na jinsi nazo zimetoka ng'ambo. Nusu ya jengo haipo, wala Mswahili hakupotewa na mahali wala na namna: ajua alipo, ajua afanyavyo. Tena shina hilo likipewa kiambishi u-, ambacho kwetu huzaa majina ya mambo yasiyoshikika, hatupati kuwa, bali twapata utu, yaani wema, haya na huruma. Mkatili yupo, wala hana utu. Na ntu peke yake, bila kiambishi, ni nani aliyepata kuisikia sokoni au barazani? Hilo ni shina alilolikata mwanasarufi ili aone viungo vya neno. Wilhelm Bleek, alipozipa lugha zetu jina la Bantu katika karne ya 19, alikuwa akizipanga lugha tu.

Dalili iliyo bora Kagame mwenyewe alitupa, nayo husahauliwa. Alisema ya kuwa ile hoja mashuhuri ya Descartes, ya kwamba afikiriye hana budi kuwa yuko, haieleweki katika lugha za Kibantu ikiachwa wazi, kwa sababu tendo la kuwa hudai kufuatwa na sifa au mahali. Mtu akisema "nafikiri, basi ni," tutamngojea amalize. Akisema "niko," tutamwuliza: wapi?

Hapa ndipo penye utajiri. Kiswahili hakisemi habari ya kuwapo pasipo kutaja mahali. Yupo, ni mahali palipo dhahiri. Yuko, ni mahali pasipobainishwa. Yumo, ni ndani. Mwalimu wa dini afundishaye "Mungu yupo" asimkemee mtoto aulizaye "yupo wapi?" Mtoto hakukosa adabu wala hakukosa akili, ameusikia mwisho wa neno kama ulivyo, na mwalimu imempasa kumweleza kwa nini po ile haionyeshi mahali pamoja. (Siku hizi wengi husema uwepo, mimi nalipenda zaidi kuwapo, ambalo laonyesha wazi viungo vyake.)

Wako wanaotaka kuikwepa taabu hii kwa kutumia dhati, ambalo katika vitabu vya wanazuoni wa Kiarabu ni asili ya kitu chenyewe. Halifai kwa darasa. Mswahili akisikia "nia ya dhati" hufahamu nia isiyo na hila.

Hata kutokuwapo twakusema kwa mahali. Hapana, hakuna, hamna: katika kila moja, kinachokana ni mahali, ya kwamba hapo, au huko, au humo, hapana kitu.