Umeme umekatika, ripoti imefika!

Jamani, niacheni niseme kabla sijapasuka! Nimetoka kuweka triga kwenye Google Sheets, ile saa ndogo ya kengele iliyojificha ndani ya Apps Script, na mikono yangu bado haijatulia. Shiti inafanya kazi yenyewe! Inaamka asubuhi, inapiga hesabu, inaandika barua pepe, inazituma kwa wahusika, inarudi kulala, na mimi sijagusa kitufe hata kimoja. Laptop imefungwa, iko kwenye begi, chaji imekwisha kabisa, mtaani umeme hakuna tangu usiku, bando nalo limekata, na bado! Ripoti imefika kwa watu asubuhi, safi, nadhifu, majina yamepangika, jumla iko chini pale pale inapotakiwa. Nilipiga kelele peke yangu chumbani, wallahi.

Sikia vizuri hapo, mwenzangu, maana ndipo penye utamu wote. Kazi haifanyiki kwenye mashine yako! Mambo ya kuiagiza kompyuta irudie kazi kwa saa maalumu si mapya hata kidogo. Watu wa Unix wana cron yao tangu miaka ya 1970, na Windows nayo ina kipangaji chake. Lakini hivyo vyote vinataka kompyuta iwe macho saa hiyo ikifika. Imezimwa? Basi, ripoti hamna. Na huku kwetu kuiacha kompyuta macho usiku kucha ni LUKU inayoyoyoma, ni roho juu, ni kuomba Mungu transfoma isilipuke. Apps Script, ambayo Google waliitoa mwaka 2009, inaendeshwa kwenye mashine zao wenyewe huko huko zilipo. Wewe zima kila kitu, lala, safiri, pandisha simu juu ya kabati. Saa ikifika, kazi inafanyika. Nimeishi miaka yote hii na shiti na sikujua kwamba ina moyo unaodunda nikiwa nimelala!

Chukua mfano wa kikoba. Unajua mwenyewe hesabu za kikoba zilivyo: hisa, mikopo, marejesho, faini za waliochelewa, mfuko wa jamii. Kesho kikao, leo katibu anakesha. Nani kalipa, nani bado, nani tarehe yake imepita, nani anatakiwa kukumbushwa leo ili kesho asije na hadithi. Halafu anaanza kuandika ujumbe mmoja mmoja, macho mekundu, kahawa ya tatu. Sasa hebu ona hii: skripti inashuka mstari kwa mstari, inatazama tarehe ya marejesho ya kila mtu, na yule ambaye tarehe yake imekaribia inamwandikia barua yake, kwa jina lake, na kiasi chake, kwa lugha ile ile ya upole uliyoiandika wewe mara moja tu. Haichoki, hainuni, haimsahau mtu, na haimwonei haya shemeji! Wenzetu wa Kenya wenye chama, hii ni yenu pia, msijifanye hamsikii.

Na kuigusa kwenyewe, mmh, kulivyo kutamu! Unafungua shiti yako ya kawaida kabisa, unaingia kwenye menyu ya viendelezi, unabofya Apps Script, na ukurasa mpya unafunguka mweupee, umetulia, hauna makelele. Pembeni kushoto kuna mstari mwembamba wa vipicha. Sogeza kishale hapo, unajifungua taratibu wenyewe, na kile cha saa ya kengele kinakutazama. Bofya. Ukurasa mtupu. Chini kulia kitufe cha buluu. Bofya tena, na fomu fupi inajitokeza, maswali machache tu ya kuchagua kwenye orodha: unataka kazi gani ifanyike, ichochewe na nini, kila baada ya muda gani. Unachagua, unachagua, unahifadhi. Basi! Ule ukurasa uliokuwa mtupu sasa una mstari mmoja, na mstari huo ni mfanyakazi wako. Niliukodolea macho huku nacheka.

Katikati hapo kuna kituo kimoja cha kukushtua, nikwambie mapema usije ukakimbia. Kwa akaunti ya kawaida ya Gmail, unapoipa skripti ruhusa mara ya kwanza, Google wanaweza kukuwekea onyo zito kwamba programu hii hawajaihakiki. Tulia. Programu yenyewe ni ya kwako, umeitengeneza sasa hivi, na onyo hilo ni haki yao kulitoa. Unafungua maelezo ya ziada, unaendelea. Ila kama skripti umepewa na mtu usiyemjua, hapo simama kweli kweli, kwa sababu unayemfungulia ndiye atakayesoma shiti yako na kutuma barua kwa jina lako.

Najua unachowaza: "Mimi si mtu wa misimbo." Weee! Nilitaka kuruka nilipofika hapa. Tangu mwaka 2018 Google Sheets ina kinasa cha makro. Unabonyeza kurekodi, unafanya kazi yako kwa mkono ulivyozoea, unapanga safu, unafuta zisizohitajika, unapaka rangi vichwa, unasimamisha, na yenyewe inakuandikia msimbo wote nyuma ya pazia, JavaScript halali kabisa. Ukienda Apps Script unaukuta umekaa pale unakusubiri, na unaupa saa yake palepale. Yaani umefundisha shiti kwa kuitendea! Barua pepe hizo kinasa hakitakufanyia, mistari yake michache lazima iandikwe, lakini ni michache mno, na kijana yeyote anayejua JavaScript kidogo mtaani kwenu anaimaliza kabla chai haijapoa.

Sasa fanya hiki nilichofanya mimi, nakuomba, usikikose. Kabla ya kuweka saa ya asubuhi, iambie triga ipige kila dakika. Ndiyo, kila dakika inaruhusiwa! Halafu fungua shiti upande mmoja, ondoa mikono kabisa, iweke mapajani, utazame. Kimya. Kimya. Kimya. Mara, namba inabadilika! Hujagusa! Unasubiri tena, unajizuia kupumua, inabadilika tena! Ngozi ilinisisimka hadi shingoni. Kuambiwa kwamba kitu kinajiendesha ni habari moja, kukiona kinajiendesha mbele ya macho yako, kwa data zako, kwa majina ya watu unaowajua, ni habari nyingine kabisa, kubwa, nzito, tamu. Ukishatosheka (mimi ilinichukua muda kutosheka), ibadilishe iwe ya kila siku, kila wiki au kila mwezi, usije ukamaliza muda wa bure unaopewa na Google bila sababu.

Na saa zenyewe zina tabia yake. Hupangi dakika kamili, unapanga kipindi: kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi, tuseme. Google wanachagua dakika moja ndani ya kipindi hicho na kuishikilia, siku hadi siku. Mimi nimeipenda hivyo hivyo. Ripoti ikija saa 1 na dakika 20 badala ya saa 1 kamili, kuna aliyekufa? Kwa kengele ya kubadilisha vipindi shuleni haifai, na wala isijaribiwe. Ila zingatia jambo moja kwa moyo wote: kwenye mipangilio ya mradi hakikisha majira ni ya Afrika Mashariki. Yakikaa ya New York, ile ripoti ya saa 1 asubuhi itawafikia wanachama saa 8 au saa 9 mchana, kutegemea msimu, na watu watafikiri katibu ndiyo kwanza ameamka. Kama mchango ni wa ukoo uliotawanyika, Muscat wataipata saa 2 asubuhi yao bila shida, London itaingia alfajiri, wataikuta wakiamka. Raha tupu!

Na bado! Nilidhani ukishaiweka imekwisha, kumbe usimamizi wake ndio ulionimaliza. Kuna ukurasa wa utekelezaji, na huo ukurasa jamani nimeupenda kupita kiasi. Unasomeka kama daftari la mlinzi wa usiku: iliingia saa ngapi, ilikaa muda gani, ilimaliza salama au ilikwama. Kila mara, kila siku, bila kuambiwa. Ikikwama inakuandikia barua, na wewe ndiye unayechagua ikuandikie papo hapo, kila saa, kila siku au kila wiki. Chagua papo hapo, usinibishie. Mfanyakazi anayekuambia mwenyewe "bosi, leo nimeshindwa, tatizo liko mstari huu" unampata wapi siku hizi? Ukitaka apumzike, unafuta mstari wake tu. Msimbo unabaki, shiti inabaki, kesho unampangia saa nyingine.

Sasa kuna hili ambalo ningetamani kila kikundi kilijue, tena lisomwe kwenye kikao kwa sauti. Triga ni ya aliyeiweka. Inafanya kazi kwa jina lake na kwa ruhusa zake, na barua zinatoka kwenye akaunti yake. Katibu akiiweka kwa akaunti yake binafsi, akahama, akaifunga akaunti, kazi inakufa naye. Kwa hiyo fungueni akaunti ya kikundi, wekeni triga humo, nywila iwe mikononi mwa viongozi mnaowaamini. Tena ukinakili shiti kumpa mwenzako, skripti inakwenda naye lakini triga haiendi. Lazima aiweke ya kwake. Mwanzoni nilikunja uso. Nikafikiri tena, nikaona ni vizuri sana, sana: hebu fikiria nakala zote zinazozagaa zingekuwa zinatuma madai kwa watu kila asubuhi!

Mipaka ipo, nipite haraka. Akaunti ya bure inatuma barua kwa watu 100 kwa siku, na kazi moja isizidi dakika 6. Kikoba chenu kina watu 100? Hakina. Tusonge.

Tusonge kwa sababu kichwa kimeanza kunizunguka kwa mawazo! Duka la dawa: shiti ina tarehe za mwisho za matumizi, kila Jumatatu asubuhi inakutajia zinazokaribia kuisha muda kabla hazijawa hasara. Mwenye nyumba: wapangaji wanakumbushwa kodi wiki moja kabla, kwa adabu, bila kugongeana milango. Mwenye bodaboda anayepokea hesabu kila jioni, mwalimu mwenye mahudhurio, mama wa oda za keki anayetaka kila alfajiri aone ya leo ni ngapi na za nani. Na bado! Triga haisubiri saa peke yake. Inaweza kusubiri mtu ajaze fomu ya Google, na akibonyeza tu kutuma, oda inaingia kwenye shiti na barua ya ahsante inamfikia mteja, nawe uko jikoni unapiga mayai. Mteja anadhani una ofisi nzima! Wewe na mwiko wako tu!

Kinachonifurahisha kuliko vyote, na hapa nasema kwa moyo wangu wote, ni usiku. Usiku wa katibu. Ule muda ambao watu wanaojitolea kushika hesabu za wenzao wamekuwa wakiutoa bure miaka nenda miaka rudi, bila posho, bila shukrani, wakilaumiwa kwa kila jina lililorukwa. Sasa wanarudishiwa. Wamwombe Mungu awape usingizi, mengine yako kwenye ratiba.

Basi nakusihi, rafiki yangu, usingoje uwe na shiti kubwa wala mradi mkubwa. Chukua ile ndogo unayoifungua kila siku kuangalia kitu kile kile, ipe triga moja leo jioni, anza na ya kila dakika ujionee, kisha ipangie asubuhi. Akaunti ya Gmail unayo tayari, na hakuna atakayekudai hata senti.