Kicheko na Mambo Madogo katika Hadithi za Beverly Cleary

Hadithi ya watoto hupimwa mara nyingi kwa swali moja tu: inafunza nini? Swali hilo halipati jibu la haja likielekezwa kwa riwaya fupi za Beverly Cleary, mwandishi wa Marekani (1916-2021). Katika Ramona the Pest (1968) hakuna mkaidi anayeangamia wala mtiifu anayetuzwa. Kuna msichana wa miaka mitano anayeanza chekechea, basi. Na mbona Sungura wa ngano zetu, mwongo na mwizi, huenda zake bila adhabu na watoto wakafurahi?

Kabla ya kuandika, Cleary alikuwa mkutubi wa watoto katika mji wa Yakima, jimbo la Washington, na wavulana walimwendea wakitaka vitabu juu ya watoto kama wao. Henry Huggins (1950) ndicho kitabu alichowajibu nacho: mvulana, mbwa aliyemwokota, na mashaka ya kumpeleka nyumbani kwa basi. Barabara ya Klickitat wanakoishi wahusika wake ni barabara ya kweli mjini Portland, na vituko vyao havitoki sana nje ya mitaa ya jirani.

Ufundi wake umo katika kicheko. Siku ya kwanza shuleni, mwalimu anamwambia Ramona akae pale kwa wakati huo. Neno la Kiingereza alilolitumia lina maana ya zawadi pia. Basi Ramona hainuki, hata wenzake wanapocheza, akingojea zawadi yake. Msomaji anacheka, ila Ramona hadhalilishwi. Hoja yake ni timamu. Ni usemi wa watu wazima uliomponza. Hapa mfasiri wa Kiswahili atatoka jasho, kwani mzaha ukielezwa pembeni umekufa. Itambidi abuni mkanganyo mwingine, na lugha yenye kaa la jikoni, kaa wa pwani na "kaa!" ya kumketisha mtu haikosi mitego ya namna hiyo.

Wanaodai kwamba hadithi hizi ni nyepesi mno wamekisahau Ramona and Her Father (1977), ambamo baba anaachishwa kazi. Cleary hatoi hotuba juu ya uchumi. Paka wa nyumbani, akiisha kununuliwa chakula cha bei nafuu asichokipenda, anaamka usiku na kulitafuna boga ambalo familia imelichonga kwa ajili ya Halloween. Hofu ya fedha, ambayo wazazi wamejitahidi kuificha, inafumuka hapo mbele ya watoto. Ni kweli kwamba ulimwengu huu ni finyu, na msomaji wa Kisumu au Lamu hatakutana humo na jirani yake. Lakini mtoto anayesikiliza wazazi wakinong'ona juu ya fedha atamtambua Ramona mara moja.

Cleary mwenyewe aliigusa hoja ya mafunzo katika Ramona Quimby, Age 8 (1981). Darasani kuna kipindi cha kusoma kimya, kila mtoto na kitabu alichojichagulia. Ramona anakipenda kuliko vipindi vingine, kwa sababu kikiisha hakuna ufupisho wa kuandika wala maswali ya kujibu.