Uzee katika Tawasifu ya Tippu Tip

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, huchukuliwa zaidi kuwa hazina ya historia ya biashara ya pembe. Ikisomwa kama fasihi, huibua swali jingine: je, kadiri umri unavyosonga, mtu huneemeka au hutaabika?

Mtunzi aliiandika Unguja akiwa amevuka miaka 60. Kasongo, ngome yake ya Maniema, ilikuwa imetekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893, na mwanawe Sefu kuuawa mwaka huohuo. Hata hivyo, masimulizi hayaombolezi. Yanahesabu frasila, safari na vita kwa sentensi fupi na kavu, kana kwamba ushindi ni wa jana.

Mzee anayegusa zaidi humo ni Kasongo Rushie, mtawala wa Watetela, aliyemkabidhi utawala mgeni huyo kwa kusadiki kuwa ni mjukuu wa dada yake aliyetekwa zamani. Kwa msimulizi, tukio hili ni ushindi wa werevu. Kwa msomaji, ni uzee ulioporwa kwa njia ya shauku ya kumpata jamaa aliyepotea. Baadaye mporaji naye alizeeka, akaporwa.

Faraja iliyombakia ni kusimulia. Lakini watu wa Maniema waliotiwa utumwani hawakuachiwa hata hiyo. Kitabuni hupita wakiwa mateka, wala hawaonekani wakizeeka. Swali la neema na taabu ya uzee, basi, hutanguliwa na jingine: ni nani aliyeachwa azeeke?