Mapaa mawili ya kanisa la Kigothi

Anayetoka Mafinga kwenda Makambako wakati wa kiangazi hupishana na matanuri ya matofali kila baada ya kitambo, mengine yakifuka moshi, mengine yamepoa na kusubiri lori. Chini ya kila tanuri kuna matundu ya kupitishia kuni. Mpangaji hatumii ubao wala chuma kuyafunika. Hupanga matofali ya kulia na ya kushoto, kila safu ikitokeza kidogo mbele ya ile iliyo chini yake, hadi pande mbili zikutane juu. Umbo linalobaki ni tao lenye ncha. Aliyewahi kuona picha za kanisa kuu la Chartres au Notre-Dame ya Paris atalitambua papo hapo, ingawa aliyelipanga alikuwa akiwaza kuni, na mvua isimkute.

Kufanana huko ni kwa sura tu. Kwenye tundu la tanuri kila tofali limelala juu ya jingine na uzito wake unashuka wima. Tao la kweli hufanya kazi nyingine kabisa: matofali au mawe yake yamesimama kwa kubanana, moja likilizuia jingine lisianguke, na kubanana huko huzaa msukumo wa pembeni. Miguu ya tao hutaka kutanuka. Isipozuiwa, ukuta huvimba kwa nje, nyufa hufunguka kileleni, na mwisho wake ni kifusi. Tangu sehemu ya altare ya abasia ya Saint-Denis ilipowekwa wakfu mwaka 1144, wakati wa abate Suger, mafundi wa Ufaransa walitumia zaidi ya karne nzima kutafuta mahali pa kuupeleka msukumo huo. Mgeni anayeingia kwenye kanisa la namna hii akiwa na swali hilo kichwani huona mengi kuliko anayehesabu vioo vya rangi.

Jibu la kwanza lilikuwa ncha yenyewe. Tuseme kuna nafasi ya mita 8 kati ya kuta mbili. Tao la nusu duara litapanda mita 4, hakuna zaidi. Sasa fundi apigilie msumari kwenye mguu mmoja wa tao na mwingine kwenye mguu wa pili, achukue kamba ya mita 8 na achore kutoka kila msumari: mistari miwili itakutana karibu mita 7 juu. Tao lililosimama hivyo husukuma pembeni kwa nguvu ndogo kuliko lililolala, kwa kuwa uzito wake unashuka kwa mwinuko mkali zaidi. Halafu kuna faida ya pili, isiyoonekana haraka. Urefu wa nusu duara umefungwa na upana wake, lakini ncha inaweza kuinuliwa au kushushwa kwa kusogeza misumari. Tao jembamba na tao pana yanaweza kufika kimo kimoja, na hivyo chumba cha mstatili kikaezekwa kwa mawe bila dari kupanda na kushuka.

Kazi ilianza na mbavu. Maseremala waliunda kalibu ya mbao, waashi wakapanga juu yake mawe ya mbavu zinazopishana kwa mshazari, wakafunga jiwe la kilele, kisha wakajaza nafasi kati ya mbavu kwa mawe mepesi zaidi. Chokaa ya enzi zile ilikauka polepole sana, kwa hiyo kalibu haikuondolewa kwa pupa. Ilipotolewa, ilihamishiwa sehemu iliyofuata na kutumika tena. Sehemu kubwa ya akili ya kanisa la Kigothi ilikuwa kwenye mbao ambazo leo hazipo.

Mbavu ziliukusanya uzito na kuuleta kwenye nukta chache badala ya kuusambaza ukuta mzima. Hapo nje, mkabala na kila nukta, zikasimamishwa nguzo nzito, na kati ya nguzo na ukuta yakarushwa matao ya kuegemeza. Ukuta uliobaki katikati haukuwa na mzigo mkubwa tena, ukatobolewa na kuwekwa vioo. Kanisa la Chartres lilijengwa upya kwa mtindo huo baada ya moto wa 1194, na dari yake ya mawe iko karibu mita 37 kutoka sakafuni. Beauvais walitaka kuwapita wote: dari ya mita 48. Sehemu yake ilianguka mwaka 1284. Ikajengwa tena, na baadaye ukaongezwa mnara wa mita 153 uliokamilika 1569 na kuanguka 1573. Kanisa hilo halijamalizwa hadi leo.

Jambo ambalo mgeni aliyeinua shingo hawezi kuliona ni kwamba dari hiyo ya mawe si paa. Mvua hainyeshi juu yake. Juu ya mawe kuna paa la pili, la mbao, lenye mteremko mkali na kuezekwa kwa risasi, vigae au mabati ya shaba. Kanisa la Kigothi lina mapaa mawili, moja la kuzuia maji na moja la kuzuia moto na kumpendeza macho aliye chini. Ulimwengu mzima uliliona jambo hilo jioni ya tarehe 15 Aprili 2019, paa la mwaloni la Notre-Dame lilipoteketea. Mnara wake mwembamba ulipoanguka ulitoboa dari ya mawe, lakini sehemu kubwa ya dari ilisimama na kuukinga ukumbi. Kazi mojawapo ya mwanzo ya mafundi waliokuja kuokoa jengo ilikuwa kuweka kalibu za mbao chini ya matao 28 ya kuegemeza, kwa sababu dari ikilegea, matao ya nje hubaki yakiusukuma ukuta usio na wa kuujibu. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024.

Msomaji wa Tanzania hana haja ya viza kuona matao ya zama hizo. Wakati Wafaransa wanahangaika na Beauvais, mafundi wa Kilwa walikuwa wakifanya majaribio yao. Katika karne ya 14 Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipanuliwa kwa kuba na dari za matao, kwa matumbawe na chokaa. Upanuzi huo nao ulianguka, na ukajengwa upya katika karne ya 15 kwa nguzo imara zaidi. Matumbawe yana sifa ambayo mawe ya Iringa hayana: ni mepesi na huchongeka. Itale ya miamba kama ile ya Gangilonga inaumiza patasi. Chartres, kwa upande wake, walikuwa na machimbo ya chokaa ya Berchères umbali wa kilomita chache tu.

Kwa dari ya kanisa, jaribio la kijasiri kuliko yote Afrika Mashariki liko Mkunazini, Unguja. Sultani Barghash alifunga soko la watumwa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana likawekwa palepale. Askofu Edward Steere, yuleyule aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili, alikuwa ndiye msimamizi wa ujenzi. Madirisha yana ncha ya Kigothi, lakini dari ni kitu kingine: handaki moja refu la zege, saruji na matumbawe yaliyopondwa, lenye upana wa zaidi ya mita 8, lililomwagwa juu ya kalibu ya mbao. Hakuna nondo ndani yake. Wengi walidhani litaanguka kalibu ikitolewa. Halikuanguka.

Steere alitatua tatizo la msukumo kwa njia ya kizamani kuliko ya Chartres: hakurusha matao ya nje, aliuachia unene wa kuta. Mgeni huoneshwa pia nguzo za karibu na mlango mkuu zilizosimamishwa juu chini, kazi inayosimuliwa kuwa ilifanyika askofu akiwa safarini. Zinachekesha, lakini fundi atazipita haraka na kutazama juu, kwa sababu kumwaga zege la namna hiyo miaka ya 1870, kabla ya zege lenye nondo kuenea duniani, ni hesabu ya mtu asiyeogopa kuaibika.

Dar es Salaam, Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walijenga kanisa la Mtakatifu Yosefu kati ya 1897 na 1902, la Kigothi kwa mnara wake uliochongoka na vioo vilivyoletwa kutoka Ujerumani. Shirika hilohilo, miaka hiyohiyo ya mwisho wa karne, lilianzisha misheni ya Tosamaganga huko Iringa, juu ya mlima si mbali na Kalenga, ambako ngome ya chifu Mkwawa ilikuwa imevunjwa Oktoba 1894. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tosamaganga ilipita mikononi mwa Wakonsolata kutoka Italia.

Shirika moja, miaka ileile, lakini kilichojengwa bandarini hakikujengwa Iringa. Kwa nini? Jibu liko kwenye mabega ya wapagazi. Bandarini mzigo ulishushwa moja kwa moja kutoka melini. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907 tu, na haikwenda Iringa. TAZARA ilikamilika 1975, tena ikapitia Makambako na Mbeya. Mpagazi alibeba karibu kilo 30. Pipa moja la saruji la enzi hizo lilizidi kilo 150, yaani zaidi ya watu watano kwa pipa moja, kwa njia ya wiki kadhaa. Dari ya Steere ingeinuka Nyanda za Juu Kusini kwa msafara wa jeshi zima.

Hivyo wajenzi wa huku walishika kilichokuwepo: udongo wa tofali, kuni, na mbao. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa na sababu moja zaidi. Jadi yao ya Ulaya ni ukumbi mweupe usio na mapambo, na hawakuwa na hamu ya kushindana na Paris. Unyakyusa, mvua ikizidi milimita 2,000 kwa mwaka, kitu cha kwanza ambacho jengo linadai ni paa lenye mteremko na michirizi inayotupa maji mbali na ukuta wa tofali.

Kwa maneno mengine, kati ya yale mapaa mawili, Nyanda za Juu zilibakiza la juu na kuliacha la mawe. Ncha ikabaki kwenye madirisha na milango. Wapo wanaoliona hilo kuwa umaskini wa kuiga. Safu hii inaliona kuwa uhandisi mzuri, na ushahidi uko kwenye kenchi.

Kenchi ina mbao mbili za mteremko mkali zinazokutana kileleni, nazo hutaka kutanua miguu yake kama tao lolote. Lakini chini yake inapita boriti iliyolala, imeshika mguu mmoja na mwingine. Msukumo wa pembeni unakwisha ndani ya kenchi yenyewe, na ukuta unapokea uzito wa wima peke yake. Boriti hiyo moja ya chini inafanya kazi ambayo Chartres iliifanya kwa nguzo na matao ya nje. Ndiyo maana kanisa la tofali la Iringa linaweza kuwa na ukuta wa kawaida na lisitoe nyufa.

Kuna na ardhi. Mbeya imekaa pale ambapo mikono ya Bonde la Ufa inakutana, si mbali na volkano ya Rungwe. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilipiga eneo la Rukwa, mojawapo ya makubwa kabisa kurekodiwa barani Afrika katika karne ya 20. Tani za mawe yasiyo na nondo juu ya vichwa vya waumini ni jambo la kufikiriwa mara mbili katika nchi ya namna hiyo. Paa la mbao ni jepesi, na lina namna ya kunyumbuka.

Siku hizi saruji hutoka Songwe, mlangoni kwa Mbeya, na mbao za misonobari kutoka Sao Hill. Ncha imebaki, lakini kazi yake imebadilika. Msafiri akisimama mbele ya kanisa jipya la barabarani aangalie juu ya dirisha. Kwenye jengo la zamani ataona pete ya matofali yaliyosimamishwa kwa ubavu, yamepanda pande zote mbili sawia hadi kileleni, na mota kati yake ni nene nje na nyembamba ndani: hilo ni tao linalobeba. Kwenye jipya, mara nyingi, lenta ya zege imepita moja kwa moja juu ya ncha, nondo ndizo zinazobeba, na tao limekuwa pambo la kuchorwa kwa mbao au lipu. Si kosa, mradi anayelijenga ajue kipi kinabeba.

Kosa la kweli hutokea ndani, wakati wa ukarabati. Waumini wakitaka ukumbi uonekane mrefu, hutokea fundi akashauri boriti za chini za kenchi zikatwe ili dari mpya ipandishwe. Paa halianguki siku hiyo. Huchukua misimu kadhaa ya mvua na upepo, miguu ya kenchi ikitanuka kidogo kidogo, ndipo ufa unapojitokeza ndani ya ukuta mrefu, umelala sambamba na sakafu, chini kidogo ya lenta. Mwenye kuukuta asianze na lipu. Apande darini kwanza na tochi.