Zimwi Lisilohukumiwa: Msimu wa Mwisho wa Shingeki no Kyojin kwa Kipimo cha Ngano za Ukambani

Utangulizi

Mtambaji wa hadithi ni mkopaji. Anapoanza kutamba huiomba hadhira muda wake, hofu yake na huruma yake. Nayo hadhira humkopesha kwa kutumaini kwamba mwishoni itapewa kitu kinacholingana na kile ilichotoa. Makala haya yanachunguza kazi moja iliyokopa mengi na ambayo, kwa maoni yetu, haikulipa deni lake lote. Kazi hiyo ni Shingeki no Kyojin, msururu wa katuni za Kijapani za aina ya anime, ambao watazamaji wengi wanaujua kwa jina la Kiingereza la Attack on Titan.

Msururu huu ulitokana na hadithi ya picha ya Hajime Isayama, iliyochapishwa kwa sura 139 kuanzia mwaka 2009 hadi 2021. Filamu zake zilianza kuonyeshwa mwaka 2013. Misimu mitatu ya kwanza ilitengenezwa na Wit Studio. Msimu wa mwisho ukatengenezwa na MAPPA, ukaanza Desemba 2020 na kumalizika Novemba 2023. Yaani huo ulioitwa wa mwisho ulichukua karibu miaka mitatu kufika mwisho.

Huenda msomaji akauliza kazi ya Kijapani inatafuta nini katika jarida la lugha za Kiafrika. Jibu letu ni kwamba vijana wa Kitui na Makueni, kama wenzao wa kwingineko nchini Kenya, hutazama filamu hizi kwenye simu zao na kujadiliana juu yake kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Tukubali tusikubali, hii ni sehemu ya masimulizi wanayokulia. Isitoshe, kiini cha kazi yenyewe si kigeni kwao. Ni hadithi ya majitu yanayomeza watu, na hadithi hiyo Ukambani inayo tangu zamani.

Zimwi la Ukambani na majitu ya Isayama

Mtaalamu wa Kiswidi, Gerhard Lindblom, aliyekuwa Ukambani mnamo 1911 na 1912, alizinakili ngano nyingi za eimu, yaani zimwi. Baada yake John S. Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko Kitui, alichapisha mkusanyo wake wa ngano za Wakamba mwaka 1966. Umbo la eimu hubadilika: mara ni dogo kuliko mbilikimo, mara ni kubwa mno. Msuko unaojulikana sana, Ukambani na kwa majirani, ni huu: zimwi humeza watu na mifugo; mtoto mmoja husalia; akikua hulikabili; nalo likishindwa hukatwa kidole, na waliomezwa wakatoka wakiwa hai. Waswahili wa pwani nao wana nunda, mla watu, katika hadithi ya Sultani Majnuni aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870. Humo mwana mdogo huua mnyama baada ya mnyama, na kila mara mama yake humwambia kwamba huyo siye, hadi siku anapompata mwenyewe.

Isayama anaanza mahali hapohapo. Eren Yeager, mtoto wa mji uliozungukwa na kuta, anamwona mama yake akiliwa na jitu, naye anaapa kuyaangamiza majitu yote. Kwa misimu mitatu mtunzi anaupindua msuko huo kwa ustadi mkubwa. Kwanza tunagundua kwamba majitu hayasagi chakula: walioliwa hutapikwa, wamekufa. Hakuna kidole kitakachokatwa ili watoke. Kisha tunagundua jambo zito zaidi, kwamba majitu hayo yenyewe ni watu, ndugu za Eren wa damu moja, waliogeuzwa na taifa la Marley lililoko ng'ambo ya bahari. Mwindaji wa nunda anaambiwa, kwa njia ya kutisha, kwamba huyo siye. Msimu wa tatu ulipokwisha mwaka 2019, Eren amesimama ufukweni akiuliza kama kuwaua maadui walio ng'ambo ndiko kutakakowapa uhuru. Swali hilo ndilo deni. Msimu wa mwisho ulikuwa na kazi moja tu: kulijibu, au kutuonyesha kwa haki kwa nini halijibiki.

Fadhila za msimu wa mwisho

Haki inatutaka tukiri kwamba msimu huu ulianza vizuri kuliko yote iliyotangulia. Unafunguka upande wa adui, kwa Gabi, msichana wa Marley aliyefundishwa tangu utotoni kwamba wakazi wa kisiwa ni mashetani. Gabi anamuua Sasha, mmoja wa wahusika wanaopendwa mno, kisha bila kujulikana anapokewa na kulishwa na wazazi wa Sasha. Baba mtu anapoujua ukweli anakataa kulipiza kisasi. Anaufananisha ulimwengu na msitu wa kuwindana, na kusema kwamba ni wajibu wa watu wazima kuwatoa watoto humo.

Sehemu hii haihitaji mfasiri huku kwetu. Mpakani mwa Kitui na Tana River wakulima na wafugaji wamewahi kumwaga damu kwa ajili ya malisho na maji. Mtoto anayekua mahali kama hapo husikia mapema sana ni nani aitwe mtu na ni nani aitwe mnyama. Kazi ya sanaa inayomfanya aone kwamba zimwi lina mama, na kwamba yeye mwenyewe huenda ni zimwi kwa mtoto wa ng'ambo, imefanya jambo ambalo mahubiri mengi hayajaweza.

Kasoro

Eren anayafungulia majitu yaliyofichwa ndani ya kuta, nayo yanaukanyaga ulimwengu. Anauawa na Mikasa, mwanamke anayempenda, lakini tayari asilimia 80 ya wanadamu wamekwisha kufa. Watazamaji wengi walilalamika: baadhi kwa kuwa shujaa wao hakushinda, wengine kwa kuwa aligeuka mwovu. Malalamiko hayo si yetu. Shujaa kufa au kuharibika si kasoro ya utunzi. Kasoro iko katika namna kosa lake linavyoelezwa.

Katika mazungumzo yake ya mwisho na rafiki yake Armin, Eren anatoa sababu tatu. Anasema alikwisha kuyaona yajayo, akajaribu kuyabadilisha, asiweze. Anasema alitaka rafiki zake waonekane mashujaa mbele ya wale watakaosalia. Anasema pia kwamba alitamani tu kuiona dunia imesawazishwa. Kila moja ya sababu hizi ingeweza kubeba tamthilia nzima. Zikitolewa pamoja, kwa dakika chache, bila ya moja kupimwa na nyingine, kila moja inakuwa mlango wa kuikimbia ile iliyotangulia. Zaidi ya hayo, tunaambiwa kwamba ni Eren mwenyewe, kwa uwezo wake wa kuyafikia yaliyopita, aliyelielekeza lile jitu kwa mama yake. Kile kifo tulichokililia mwanzoni kinageuzwa kuwa fundo la msuko.

Hapa Mbiti anatufaa tena. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alitumia nyakati za vitenzi vya Kikamba kudai kwamba katika fikira za jadi wakati ujao hauendi mbali. Uzito uko katika yale aliyoyaita kwa Kiswahili Sasa na Zamani. Dai hilo limepingwa, na Kwame Gyekye miongoni mwa wengine, nasi hatulazimiki kulikubali lote. Hata hivyo linatukumbusha jambo la msingi la utunzi: tendo ambalo halijatendwa halina mwenyewe. Syokimau, nabii wa Wakamba, hukumbukwa kwa kutabiri nyoka mrefu atakayepita nchini, ambaye watu walimtambua baadaye kuwa reli. Hakuna asimuliaye kwamba utabiri wake uliwaondolea waliokuja dhima ya waliyoyatenda. Kuona ni kazi ya nabii. Kutenda ni kazi ya mtendaji. Isayama anamfanya Eren kuwa wote wawili, na hapo hukumu inakosa mtu wa kumshika.

Mtunzi mwenyewe yaonekana aliligundua tatizo. Katika hadithi ya picha ya 2021 Armin anamshukuru Eren kwa kugeuka muuaji kwa ajili yao. Katika filamu ya 2023 maneno hayo yamebadilishwa: Armin anakubali sehemu yake ya dhambi, na kusema kwamba watakuwa pamoja motoni. Ni sahihisho jema, lakini limesahihisha usemi, halikusahihisha msuko. Wapo wanaojibu kwamba hukumu imo katika picha za mwisho kabisa, ambamo kisiwa chenyewe kinakuja kuangamizwa kwa vita. Hatukubali. Hiyo ni hukumu juu ya wanadamu wote, na kosa la wote si kosa la mtu.

Waswahili husema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Eren aliujua ulimwengu akala themanini katika mia, akawaachia uhai rafiki zake. Methali inaeleza tabia ya zimwi, haituambii tulishukuru.

Hitimisho

Lindblom alibainisha kwamba mtambaji wa Kikamba humaliza kwa kujiombea utajiri wa mifugo, na kuwaombea wasikilizaji wake kitu cha dhihaka tu. Utani huo una kazi. Unawaambia wasikilizaji kwamba hadithi imekwisha, mtambaji amejiondoa, na lililobaki ni lao kuliamua. Msimu wa mwisho wa Shingeki no Kyojin haukuiachia hadhira kazi hiyo. Uliendelea kumtetea zimwi wake hadi dakika za mwisho, na waliokanyagwa hawakupata msemaji.

Kwa walimu wa fasihi simulizi wa Kitui, Makueni na kwingineko, kazi hii inafaa kupelekwa darasani, ikasomwa bega kwa bega na ngano za eimu. Wanafunzi waulizwe swali ambalo msururu wenyewe ulilikwepa: tumbo la zimwi linapopasuliwa na asitoke mtu, nani atawajibika?