Usonji na Mtu Mzima

Neno usonji limeingia katika Kiswahili likiandamana na mtoto, wala halijaachana naye. Mwaka 1980 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliutaja usonji kuwa wa utotoni, wenye kuonekana kabla ya miezi 30. Ule wa 2013 ulilifuta jina la Asperger, lililoingizwa mwaka 1994, ukazikusanya aina zote pamoja. Tena ukakiri kwamba dalili, ingawa zilikuwapo tangu awali, zaweza kutodhihirika mpaka maisha yamlemee mtu. Kwa maandishi, basi, mtu mzima amefunguliwa mlango.

Lakini mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, apandaye kilima cha Bugando kutafuta jibu hospitalini, hana budi kuulizwa habari za utoto wake. Nani atazitoa, ikiwa mama amekwisha kufa? Hata akiwapo shangazi, atakumbuka nini? Kigezo kimojawapo ni namna mtu awaangaliavyo wenzake machoni. Na kwa wazee wengi wa kando ya ziwa, mtoto ainamishaye macho mbele ya mkubwa ana adabu. Alisifiwa kwa jambo lile lile ambalo daktari angeliandika kuwa dalili. Mfasiri wa kigezo hicho aeleze kwanza ni macho ya nani, mbele ya nani.